Kitu cha Kuchezea Kikimdhuru Mtoto, Aulizwe Nani?

Katika minada ya mkoa wetu wa Singida siku hizi hukosi kuona turubai limetandikwa chini, juu yake vitu vya kuchezea watoto: magari ya plastiki yanayowaka taa, bastola za maji, wanasesere wanaoimba, na vikopo vya ute wa rangi ambao watoto wauita slaimu. Idi na Krismasi zikikaribia maturubai huongezeka, kwani ni mzazi gani apendaye kumwona mwanawe mikono mitupu wenzake wakicheza? Kisha baya likitokea, ute ukaganda nywelani hata nywele zikakatwa kwa mkasi, au rangi ya mwanasesere ikahamia mdomoni, hukumu hutolewa papo hapo: mama yake alikuwa wapi? Hukumu hiyo si ya haki, nami naipinga.

Uchafu mtupu sina ugomvi nao. Mtoto aliyepaka ukuta rangi au aliyelowesha daftari la kaka yake ana mzazi wake wa kumfundisha adabu, na sabuni ipo. Kucheza ni kuchafuka, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemhesabia mtoto mchezo kuwa haki yake. Ninalolizungumza ni dhara.

Tukumbuke desturi ya kumlaumu mzazi ilikotoka. Mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba alijitengenezea mwenyewe: gari la mabua au la waya, magurudumu kayakata kwenye ndala kuukuu, mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba, mtoto wa bandia wa gunzi la mahindi. Hapakuwa na kitu ndani yake ambacho baba au bibi hakukijua. Waya huchoma, na ncha yake ilionekana. Ganda la bua hukata kidole, na kila mtoto alionywa. Mwenye macho alikuwa na elimu ya kutosha, basi ilikuwa haki kumwuliza. Lakini macho hayo hayo yatamwonyesha nini mama wa Manyoni aliyeshika gari la plastiki? Rangi yake imechanganywa na nini? Ute ule umetiwa kemikali gani?

Wala asidhani mtu kwamba ni ujinga wa shamba. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani iliyarudisha kutoka madukani na majumbani mamilioni ya vitu vya kuchezea vilivyoundwa China, vingine kwa kuwa rangi yake ilikuwa na madini ya risasi, vingine kwa kuwa sumaku zake ndogo ziliweza kuchomoka na kumezwa. Wazazi wa huko, wenye vitabu na madaktari, hawakuiona risasi ile kwa macho. Na sisi tuliozoea kusema "hiyo ni ya Mchina" tukaona tumemaliza neno, tusikie na hili: mwezi Septemba mwaka ule ule mkubwa mmoja wa Mattel alikwenda Beijing kuomba radhi, akakiri kwamba sehemu kubwa ya vitu vile ilirudishwa kwa kosa la usanifu wa kampuni yenyewe, si la mafundi wa China. Kosa lilikuwa katika karatasi ya mchoro kabla plastiki haijayeyushwa. Mzazi angelizuiaje?

Kibaya kuliko vyote ni betri za saa, zile ndogo bapa zinazowasha taa na sauti. Ikikwama kooni haihitaji hata kuvuja. Umeme wake mdogo huugeuza unyevunyevu wa koo kuwa kemikali kali inayounguza nyama, na saa mbili zatosha kuacha jeraha kubwa. Hapa nitoke kidogo nje ya hoja, maana ni jambo la uhai. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba asali hupunguza kuungua huko, na wataalamu wa sumu wa huko hushauri mtoto aliyepita umri wa mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa kumi na mbili tangu aimeze betri, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi, isizidi mara sita, akiwa njiani kwenda hospitali. Asali twaijua Itigi na Manyoni. Lakini isimcheleweshe mtoto hata kidogo: betri hutolewa na daktari.

Sasa nirudi. Viwango vya kimataifa vya vitu hivi vyataka kifuniko cha betri ndogo kisifunguke kwa mkono wa mtoto, na kwa kawaida hufungwa kwa skrubu. Aliyetengeneza kifuniko cha kubana kwa kidole alijua kinakwenda mkononi mwa nani, akaipima skrubu na faida yake, akachagua faida. Huyo ndiye wa kwanza kuulizwa.

Mtasema yuko mbali. Ni kweli, lakini aliyeuleta mzigo hayuko mbali. Ulaya, tangu mwaka 1985, sheria yao ya bidhaa zenye kasoro inamhesabu mwingizaji kutoka nje kama mtengenezaji mwenyewe, ili aliyeumizwa asikose wa kumshika. Nasi tuishike njia hiyo. Tusimwangukie kijana machinga mwenye turubai, aliyenunua dazeni mbili kwa jumla. Tumtafute mwenye kontena. Shirika la Viwango, TBS, limekuwa na utaratibu wa kukaguliwa bidhaa kabla ya kusafirishwa tangu mwaka 2012, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inazungumzia usalama wa bidhaa na kuziondoa sokoni zilizo hatari. Ukaguzi huo ufike na kwenye mnada, si bandarini tu.

Mzazi naye simwachi huru. Sheria ile ile ya Mtoto yamtaka amkinge mwanawe na hatari za mwili. Basi ndugu yangu, kabla ya kutoa fedha kivute kifuniko cha betri kwa kidole, kikifunguka, usinunue. Rangi ikibaki kwenye kitambaa chenye maji, usinunue. Kisicho na jina la mtengenezaji wala la mwingizaji, kirudishe turubaini. Ukiyafanya hayo umetimiza wajibu wako, na dhara litakalotokea ndani ya kile usichoweza kukiona halikuhusu wewe. Ni deni la aliyekitengeneza na aliyekileta, nao walipe.