Eldoret Haina Bahari, Ina Vijana

"Hapa hatuna bahari, chombo cha nini?" Swali hilo huulizwa kila nitajapo Lamu. Huko, mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walishua Flipflopi, jahazi la taka za plastiki, urefu wake mita 9 hivi. Mwaka 2019 likafika Unguja.

Siwaonei wivu jahazi, bali ufundishaji. Mwanagenzi akitia kalafati vibaya, maji yataingia; hahitaji kukaripiwa. Hapa Eldoret, mara nyingi chokoraa hupewa uji na mawaidha, kisha hurudi kituo cha mabasi. Nionavyo mimi, tumpe mbao, randa na fundi mvumilivu. Kijana ambaye kitanda alichokiunda kinalaliwa na jirani, nani atamwita tena chokoraa?