Ufaulu Usikwamishwe na Herufi Moja



Ijumaa moja, baada ya swala, mzazi mmoja wa hapa Mpanda alitujia na matokeo ya kidato cha sita ya binti yake: daraja la kwanza, katika fizikia, kemia na baiolojia. Tukamshukuru Allah pamoja naye. Kisha akatoa cheti cha kuzaliwa. Shuleni binti ameandikwa Fatma. Kwenye cheti ni Fatuma. Nyumbani kwetu hilo ni jina moja. Kwa anayehakiki nyaraka, hao ni watu wawili. Siku za maombi zilikuwa zikihesabika, na baba yule akaanza kuhangaika kutafuta kiapo cha jina. Alhamdulillah, aliwahi, lakini kwa jasho ambalo lingeweza kuepukwa.

Tumeona tulizungumze jambo hili kwa sababu sisi wa Katavi tuko mbali na vyuo vikuu vingi. Tunayo Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ni neema. Lakini mtoto anayetaka udaktari au uhandisi hana budi kupanda treni ya Tabora na kuendelea mbele. Ada, nauli, malazi na chakula vikijumlishwa, mavuno ya msimu hayatoshi. Kwa hiyo mwenye alama nzuri na atafutiwe wa kumlipia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Ufadhili hutolewa kwa ufaulu, wala haurudishwi. Mkopo hutolewa kwa kuangalia uhitaji, na ni deni. Kwa upande wa ufadhili, tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo Ufadhili wa Samia, kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi na kudahiliwa katika fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Jina kuwamo katika orodha ya wanaostahiki hakutoshi. Mwanafunzi hutakiwa pia kujaza maombi yake kwa wakati.

Ama mkopo, wazazi wengi wa Kiislamu waliuogopa kwa ajili ya ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Mwenye shaka iliyobaki awaulize masheikh, asimkatalie mtoto kwa habari za zamani. Na mzazi anayehofia mazingira ya mbali kwa binti yake akumbuke Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, ambacho wanafunzi wake nao huomba mikopo hiyo.

Nje ya nchi pia milango ipo. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, huwasomesha wageni kwa ufadhili. Serikali ya Uturuki nayo hupokea maombi kila mwanzo wa mwaka kupitia Türkiye Bursları: kwa shahada ya kwanza mwombaji awe chini ya miaka 21, awe na wastani wa angalau asilimia 70, na kwa udaktari asilimia 90. Hulipa ada, malazi, bima ya afya, tiketi ya ndege na mwaka mmoja wa kujifunza lugha. Kuomba ni bure. Anayekudai fedha ili "akupitishie jina" ni tapeli, hata akija amevaa kanzu.

Basi, ndugu wazazi, maandalizi hayaanzi siku ya matokeo. Kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, wekeni cheti cha kuzaliwa kando ya jina lake la shule na mlinganishe herufi kwa herufi: Ramadhan na Ramadhani, Zainab na Zainabu. Akiwa kidato cha tano, cheti hicho kihakikiwe RITA. Na yatima, cheti cha kifo cha mzazi wake kihakikiwe pia. Akiwa kidato cha sita, aandike tarehe za kufunguliwa na kufungwa kwa maombi, na atunze nakala za nyaraka zote katika bahasha moja.

Kamati yetu imefungua daftari la wanafunzi wa sekondari wa msikiti, wavulana na wasichana, ili tukague nyaraka zao mapema. Tunaziomba kamati nyingine za mkoa, kuanzia Mlele hadi Tanganyika, zifanye vivyo hivyo. Amri ya kwanza kumshukia Mtume wetu (S.A.W.) ilikuwa ni kusoma. Ni aibu kwetu mtoto aliyeitii amri hiyo kwa miaka 13 akwame mlangoni kwa herufi moja ambayo sisi wazazi hatukuisoma.

Wabillahi tawfiq.