MWADUI: HISA ZETU NA HOFU YA MWEKEZAJI

 

Kuna wanaosema humu kwamba Serikali iuchukue mgodi wa Mwadui wote, wageni waondoke. Mgodi uko ndani ya Kishapu yetu, basi nami nitoe maoni yangu.

Sheria za rasilimali za 2017 naziunga mkono bila kigugumizi. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na Serikali ikapata hisa zisizopungua 16 kwa mia bila kutoa mtaji. Kwa Mwadui, makubaliano ya Desemba 2021 yalitupandisha kutoka asilimia 25 hadi 37.

Lakini hisa si fedha mkononi. Gawio hutoka kwenye faida, na faida haipatikani mgodi ukiwa umelala. Aprili 2020, korona ilipoangusha soko la almasi, Mwadui ilisimama zaidi ya mwaka. Ushuru wa huduma wa halmashauri wakati huo ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Asilimia 0.3 ya sifuri mnaijua.

Mwekezaji naye anapiga hesabu. Akishachimba hawezi kulibeba shimo akahama nalo. Anakumbuka 2017, karati zaidi ya 71,000 za Mwadui zilipozuiliwa Dar es Salaam zikielekea Ubelgiji kwa mgogoro wa thamani. Mtu wa namna hiyo ataweka kidogo, atataka faida ya haraka, au hatakuja kabisa. Botswana nao wana nusu ya Debswana, msidhani wao ni wapole. Walianza na asilimia 15, wakafika 50 mwaka 1975, kwa kukaa mezani.

Tukikurupuka tunalipa. Leseni za kuhodhi maeneo zilipofutwa, wenye mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, Nachingwea, walitushtaki nje kwa kutumia mkataba wetu wa uwekezaji na Uingereza, ingawa sheria yetu inataka migogoro imalizwe nchini. Julai 2023 tukaamriwa kulipa dola milioni 109. Mwaka uliofuata tukamalizana kwa milioni 90. Hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 200, ndugu zangu, na nikeli bado iko ardhini.

Kwa hiyo tudai zaidi, ila kwa mkataba na kwa taarifa mapema. Na tuanzie hapa nyumbani: kikao kijacho cha tawi, diwani aombwe kuja na hesabu ya ushuru wa huduma uliopokelewa kutoka mgodini, mwaka hadi mwaka. Mwenye hoja ya kuongeza aniandikie kabla ya Ijumaa niiingize kwenye ajenda.

Kidumu Chama!

Katibu wa Tawi, Mhunze