Tahariri: Klori haitoi petroli ndani ya maji

Huku Goma na Bukavu, tumezoea kuogopa maji kwa sababu ya kipindupindu. Tunatia klori, tunachemsha, tunakunywa. Ni vizuri, tuendelee hivyo. Lakini kuna uchafu mwingine ambao klori haiuwezi: petroli, mazutu na dawa za kuyeyushia rangi zinazomwagwa mifereji kutoka magaraji na karakana. Mvua ikinyesha, vyote vinateremka kuelekea ziwa Kivu, ambako wakaaji wanachota maji.

Tuchukue benzeni, iliyo ndani ya petroli. Inaweza kuleta kansa ya damu. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema isipite mikrogramu 10 katika lita 1 ya maji ya kunywa. Hesabu ni rahisi: gramu 1 tu, isiyojaza hata kijiko cha chai, inatosha kufikisha kwenye mpaka huo lita 100.000, yaani bidoni 5.000 za lita 20. Na ukichemsha maji hayo, mvuke wa benzeni unaingia jikoni, unauvuta wewe na watoto.

Njia ya kuitoa ipo. Ni utando mwembamba wa polima, kwa mfano mpira wa silikoni. Maji machafu yanapita upande mmoja. Upande wa pili pampu inanyonya hewa. Benzeni inapenya ndani ya mpira kwa urahisi kuliko maji, inageuka mvuke, kisha inapozwa na kukusanywa. Haitupwi hewani.

Tusidanganyane: mtambo huo unahitaji umeme wa kudumu na mafundi. Si wa kuwekwa kwenye kila bomba la mtaa. Nafasi yake ni pale uchafu unapotokea: kwenye maghala ya mafuta na viwanda. Kwa garaji ndogo, pipa lenye kifuniko linatosha, mradi mji upange nani atapita kulichukua.

Sheria ya Julai 2011 juu ya kulinda mazingira inaweka wazi kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Wanaoongoza miji yetu waanze hapo: wakague, wapime, watoze. Mama anayepanda kutoka ziwani na bidoni mgongoni hana pampu wala utando. Asilipishwe yeye, kwa afya yake, uchafu wa mwingine.