Mlango wa baraza uko wazi, kabrasha limefungwa

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inataka mikutano ya baraza la madiwani ifanyike hadharani, wananchi na waandishi wa habari wakiruhusiwa kuingia. Kwa kiasi kikubwa sharti hilo linatekelezwa. Siku ya baraza, iwe Mwanza, Tanga, Mbeya au Dodoma, ukumbi huwa na viti vya wageni, redio za mkoa hutuma waandishi, na kesho yake tunasoma habari ya diwani aliyembana mkurugenzi kuhusu zahanati isiyoisha. Hata hivyo, anayekaa kwenye viti vile hugundua upesi kwamba anasikiliza mazungumzo yaliyoanza bila yeye. Meya anataja ukurasa, wajumbe wanafunua, mmoja anahoji tarakimu, mkuu wa idara anajibu kwa kutaja kiambatisho, hoja inafungwa. Mgeni hana ukurasa wala kiambatisho. Uwazi tulionao unamruhusu mwananchi kutazama watu wakisoma. Ninachodai hapa ni kwamba kitu cha kwanza kuwa mali ya umma kingepaswa kuwa kabrasha lenyewe, siku kadhaa kabla ya kikao, kisha muhtasari uliothibitishwa, pamoja na orodha ya mahudhurio na kura, baada ya kikao.

Ili kuona kwa nini kabrasha lina uzito kuliko ukumbi, tufuate hoja moja tangu inapozaliwa. Baraza la kawaida hukutana kila baada ya miezi mitatu. Katikati ya vikao hivyo kazi hufanywa na kamati za kudumu: Fedha na Uongozi, ambayo hukutana kila mwezi, kisha zile za huduma za jamii, uchumi, mipango miji na mazingira, na nyinginezo. Pendekezo la kubadili matumizi ya kiwanja au kupandisha ushuru wa soko huandikwa na wataalamu, hupitiwa na menejimenti, hupelekwa kwenye kamati, na mara nyingi, kabla ya kufika barazani, madiwani wa chama tawala hukutana kwenye kikao chao cha chama kukubaliana msimamo. Katika mabaraza mengi ambako karibu wajumbe wote ni wa chama kimoja, kikao hicho cha pembeni ndicho baraza halisi. Siku mwananchi anapokaribishwa ukumbini, hoja imekwishapita mikononi mwa watu wengi ambao hakuwaona, na kilichobaki ni kuthibitisha muhtasari, kupitia yatokanayo, na kupokea taarifa za kamati. Ndiyo maana vikao vingi huisha bila kura iliyogawanyika hata moja. Silaumu utaratibu wa kamati. Hakuna jiji linaloweza kuendeshwa kwa mkutano wa watu wote kila wiki. Ninachosema ni kwamba ukiacha kazi ifanyike mahali pa faragha na ukafungua mahali pa kugonga muhuri, huwezi kusema umefungua kazi.

Hasara yake inaonekana vizuri kwenye mikopo ya asilimia kumi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zikaonyesha, mwaka baada ya mwaka, marejesho yasiyorudi na vikundi ambavyo havikupatikana vilipotafutwa. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mpya, na ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kuirejesha. Wakati huo wote waliokuwa wakikopa na kurejesha kwa uaminifu walikaa wakisubiri. Orodha za vikundi vile hazikuwa siri ya taifa. Zilianzia kwenye kata, zikapita kwa wataalamu, zikafika kwenye kamati ya madiwani. Watu pekee ambao hawakuziona ni wale wenye uwezo wa kuzihakiki bure, yaani majirani. Mama lishe wa Buguruni hahitaji elimu ya ukaguzi kujua kama kikundi cha ushonaji kinachodai kuwa na cherehani ishirini kwenye mtaa wake kipo au hakipo. Mkaguzi wa Serikali hufika baada ya fedha kuondoka. Jirani angefika kabla, laiti orodha ingebandikwa kabla kamati haijakaa.

Dar es Salaam inatupa ushahidi wa aina nyingine, unaowahusu madiwani wenyewe. Uchaguzi wa meya wa jiji mwaka 2016 uliahirishwa zaidi ya mara moja hadi Machi 22, pande mbili zikivutana juu ya nani ni mjumbe halali mwenye haki ya kupiga kura. Januari 2020 meya huyo, Isaya Mwita, aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, na mabishano makubwa yaliyofuata yalihusu hesabu ya vichwa kuliko utendaji wake: upande mmoja ukisema akidi ilitimia, mwingine ukisema haikutimia. Jiji kubwa kuliko yote nchini lilikuwa likibishana juu ya mambo mawili ambayo katibu yeyote wa saccos huyaandika kwenye daftari, nani ni mwanachama na nani alihudhuria. Kama orodha ya wajumbe na ya mahudhurio ingekuwa inatolewa kwa umma baada ya kila kikao kama jambo la kawaida, kila upande ungebaki na hoja zake za kisiasa lakini usingeweza kubishania tarakimu.

Kisha, Februari 24, 2021, Rais John Magufuli alilivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba jiji lile halikuwa na eneo lake lenyewe la utawala, kwa kuwa ardhi yote ilikuwa chini ya manispaa, huku likitumia fedha kwa posho na vikao. Kwa upande wa mpangilio, sababu hiyo ilikuwa na mantiki. Linalostahili kutazamwa ni ukimya uliofuata. Haikuwa mara ya kwanza: miaka ya 1970 mamlaka za miji zilifutwa chini ya mpango wa madaraka mikoani, na mwaka 1996 halmashauri ya jiji ilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja hadi mwaka 2000. Kila mara uamuzi ulitoka juu, na kila mara wakazi waliupokea kama habari ya ofisi ya mtu mwingine. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Chombo ambacho wananchi hawajui kilichoamua robo mwaka iliyopita hakina wa kukitetea siku ya kuvunjwa. Diwani anayedhani kwamba kabrasha lililofungwa linamlinda angetafakari hilo kwanza.

Jirani zetu Kenya walichagua njia nyingine, na matokeo yake yana masomo ya pande zote mbili. Ibara ya 196 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inayataka mabunge ya kaunti yafanye shughuli zake kwa uwazi, yakutane hadharani na yawezeshe ushiriki wa wananchi, na inayakataza kuufukuza umma au vyombo vya habari isipokuwa spika ameridhika kwamba zipo sababu za kipekee. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangazo la siku moja gazetini halikutosha. Jaji alitaja makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za wenyeji kuwa ndimo ujumbe ulimopaswa kupita. Tangu hapo kaunti zimejua kwamba tozo iliyopitishwa kimyakimya inaweza kufutwa mahakamani, na hofu hiyo imefanya kazi ambayo semina za utawala bora hazijawahi kuifanya. Wapo watakaouliza: mbona Nairobi, yenye Hansadi, haijaacha kunuka kashfa? Ni kweli haijaacha. Kumbukumbu haimzuii mwizi. Lakini mwanahabari au mlipakodi wa Nairobi anayetaka kujua mwakilishi wa wadi alisema nini kuhusu takataka ana mahali pa kuanzia. Wa Ilala huanzia kwa kumtafuta mtu anayemjua mtu ofisini.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usiri. Kabrasha lina majina ya watumishi wanaoshtakiwa kwa makosa ya nidhamu, lina mivutano ya zabuni, lina kesi ambazo halmashauri inazitetea mahakamani. Hoja hii ni ya kweli, na taratibu zetu zimeshaijibu. Baraza linapofika kwenye masuala ya nidhamu hukaa kama kamati, wageni hutoka, na shughuli huendelea. Kurasa zile zile ambazo wageni hutolewa nje zinapojadiliwa ndizo zinazopaswa kuondolewa kwenye nakala ya umma. Kinachobaki ni sehemu kubwa: mapato na matumizi ya robo, hali ya miradi, maombi ya kubadili matumizi ya ardhi, rasimu za sheria ndogo. Kwa sheria ndogo hasa usiri hauna hata pa kujiegemeza, kwa kuwa sheria tayari inaitaka halmashauri iwatangazie wakazi kusudio lake na kupokea mapingamizi kabla ya kuipeleka kwa waziri. Tangazo linalobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, nyuma ya ratiba ya chanjo, linatimiza herufi ya sharti hilo na kulinyima maana.

Wengine watasema njia ipo: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba. Inamruhusu, ndiyo, na inampa mtunza taarifa hadi siku 30 za kujibu. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayesikia fununu kwamba ushuru wake unajadiliwa wiki ijayo atapata jibu, akibahatika, wakati ushuru umeshaanza kukusanywa. Sheria ile ni nzuri kwa mtafiti. Shughuli ya kawaida ya baraza inahitaji taarifa inayotolewa bila kuombwa.

Ipo hoja ya uwakilishi, ambayo madiwani huipenda: wananchi walishachagua mtu wa kuwasomea, na yeye huwarudishia mrejesho kwenye mikutano ya hadhara. Madiwani wanaofanya hivyo kwa bidii wapo, na hao ndio wasingepoteza kitu. Kwa wengine mrejesho hutegemea kumbukumbu na hiari ya msemaji, na ni nadra mtu kurejesha kura aliyoipiga vibaya. Tena wanaosema wananchi hawasomi nyaraka nadhani wanapima kitu kisichopimika: hakuna aliyewahi kuwapa. Watu wale wale wanaodaiwa hawasomi husambaza kwenye simu zao, ndani ya saa moja, barua yoyote ya halmashauri iliyovuja, tena wakiichambua mstari kwa mstari. Si lazima kila mkazi asome. Mwenyekiti wa soko, mwalimu mstaafu wa mtaa na mtangazaji mmoja wa redio wanatosha kuifanya kata nzima ijue.

Gharama haihitaji maneno mengi. Kila halmashauri ina tovuti, yenye sehemu ya baraza la madiwani ambayo mara nyingi huishia kwenye orodha ya majina, na baadhi ya halmashauri zimeshaacha karatasi na kuwapa madiwani vishikwambi. Faili lipo tayari. Ofisi za watendaji wa kata zinaweza kuweka nakala moja ya karatasi kwa wasio na intaneti, kwa gharama ndogo kuliko posho ya kikao ya mjumbe mmoja.

Hakuna haja ya kusubiri Dodoma itoe waraka. Baraza lenyewe linaweza kuazimia leo kwamba nakala ya umma ya kabrasha itoke siku ile ile ambayo wajumbe wanapewa yao, na mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wake, akabanwa kwa azimio hilo kama anavyobanwa kwa maazimio mengine. Mahali pepesi pa kuanzia ni bajeti. Rasimu za mwaka ujao wa fedha hupita mabarazani mwanzoni mwa mwaka, miezi kadhaa kabla ya Julai, na hakuna jina la mtumishi wala siri ya zabuni ndani yake. Likitoka kabrasha hilo moja wiki moja mapema, wafanyabiashara wa soko watakuja ukumbini wakiwa wanajua ni ukurasa upi wanaousubiri, na meya atalazimika kuongeza viti.