Chakula cha Mama Mja Mzito

Wako watu katika mitaa yetu ya Temeke na Kinondoni wasemao ya kuwa mwanamke mwenye mimba asile mayai, asije akazaa mtoto asiye na nywele; tena ale kidogo, ili mtoto awe mdogo na kuzaa kuwe rahisi. Maneno haya twayapinga.

Mtoto mdogo si faida. Azaliwaye na uzito usiofika kilo 2.5 yu katika hatari ya kufa na kuugua kuliko wenzake. Hapa hapa Dar es Salaam, tangu 2001 hata 2004, wataalamu wa Muhimbili na wa Harvard, Marekani, waliwachunguza wanawake waja wazito 8,468. Wote walipewa vidonge vya kuongeza damu, na kundi moja likaongezewa vitamini. Habari zilipochapishwa mwaka 2007 zilionyesha ya kuwa katika kundi lile watoto 7.8 kwa 100 walizaliwa wadogo, na katika kundi la pili 9.4.

Wala madhara hayaishi siku ya kuzaliwa. Huko Uholanzi, katika baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walizuia chakula, watu wakafa njaa. Waliokuwa tumboni siku zile walipopimwa wakiwa na miaka kama 50, miili yao ilionekana kushindwa kuitawala sukari kuliko ya wenzao. Twasema samaki mkunje angali mbichi. Basi ubichi huo waanza tumboni.

Watatujibu, "Bibi zetu hawakula mayai, nao walizaa." Naam, walizaa wengi, wakazika wengi.

Lakini hatumlaumu mama. Ni nani ashikaye fedha ya sokoni? Ni nani awekewaye kipande cha nyama, mama akabakiwa na mchuzi? Twamcheka mwanamke alaye udongo, na kumbe mara nyingi yeye ndiye aliyepungukiwa damu, na dawa yake ni kliniki, si kicheko. Soko la Tandika halikosi dagaa, maharage, mchicha wala matembele.

Sisi walimu twaletewa watoto wakiwa na miaka sita au saba, na kazi ya kwanza imekwisha kufanywa, vema au vibaya. Enyi akina baba, leo jioni sahani ya mama na ipakuliwe kwanza.