Kabla Hujapiga Picha Kwenye Majani Chai

Kila Jumamosi, kando ya barabara ya Kericho, utampata bibi harusi ameinua gauni lisishike matope. Mpiga picha anamwambia, "Songa ndani kidogo." Nyuma yake ni kijani tupu. Najua kwa sababu nilikuwa nashika taa. Nilipoacha chuo, hiyo kazi ndiyo ilinilipia kodi ya nyumba. Hata kapsheni niliandika mimi: "Urembo wa asili."

Asili gani, jameni? Hapa palikuwa malisho na mashamba ya Wakipsigis, kabla serikali ya kikoloni haijawagawia walowezi. Miaka ya 1920 zikaja Brooke Bond na James Finlay, chai ikaenea vilimani. Mwaka 1934 Waingereza wakatunga sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho waliowaogopa. Watu karibu 700 walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria. Wajukuu wao wangali wanadai ardhi.

Kusini mwa Marekani nako watu walizoea kufunga ndoa kwenye majumba ya mashamba yaliyolimwa na watumwa. Mwaka 2019, baada ya wanaharakati kupiga kelele, Pinterest ikatangaza kwamba haitazitangaza tena harusi hizo. Historia yetu si sawa na yao, sikatai. Lakini wao angalau walibishana. Sisi tunauliza tu drone ni pesa ngapi.

Mtaniambia chai inatulisha. Kweli kabisa. Karo yangu, hata ile niliyoiacha chuoni bila digrii, ilitoka kwa majani aliyochuna mama. Sisemi chai ing'olewe. Nasema tusiite "asili" kitu ambacho watu walifurushwa ili kikae.

Mfalme Charles alikuja Nairobi 2023, akasema ana majuto, hakuomba msamaha. Tukamchemkia mtandaoni, na alistahili. Sasa muulize kijana wa Kericho au Bomet aliyemchemkia kama anajua nani alipelekwa Gwassi. Wengi watakuuliza, Gwassi ni wapi?

Kwa hivyo piga picha yako, arusi ni yako. Ila kwenye kapsheni andika 1934. Marafiki wakiuliza ni nini, waambie. Mimi ile yangu ya "urembo wa asili" nimeshaifuta.